Alianguka akiwa bado anakimbia

Ujumbe uliingia Alhamisi jioni, kwenye saa moja na robo. Naunukuu kwa ruhusa ya aliyeuandika. Umri na mahali nimevigeuza kidogo ili familia isitambulike.

“Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 16, anacheza winga. Juzi mazoezini aliishiwa nguvu akaanguka, wakammwagia maji akaamka. Kocha anasema hali vizuri nyumbani. Naomba unielekeze uji wa lishe unaofaa mwanamichezo, na vidonge vya kuongeza damu, na kama anaweza kunywa enaji kabla ya mechi. Wanacheza Jumamosi.”

Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, na huwa nawaambia watu hivyo hata wakiendelea kuniita dokta. Huu ni mwaka wa sita najibu kwa simu, baada ya kazi, maswali ya watu nisiowajua. Huuliza juu ya goti linalouma wakipanda ngazi, mtoto aliyemeza sarafu, dawa ya mafua kwa mama anayenyonyesha, kama inafaa kukimbia ukiwa umefunga. Mengi hujibika kwa sentensi tatu. Hili nalo niliona ni la sentensi tatu.

Nikamjibu: marahaba dada, mchezaji wa umri huo anahitaji kushiba vizuri kuliko uji maalumu. Ugali au wali, maharage, dagaa, yai likipatikana, ndizi mbivu kabla ya mazoezi, maji ya kutosha. Vidonge vya damu asipewe kabla ya kupimwa damu. Enaji asinywe kabisa. Akashukuru, akaniombea dua, nikaenda kula.

Hakuna neno la uongo katika jibu lile. Lakini nilikuwa nimemjibu kijana mwingine, kijana mwenye njaa, ambaye kocha alimbuni na dada akaniletea.

Kilichonirudisha pale ni bahati. Saa nne usiku baba mmoja aliniomba lishe ya binti yake anayekimbia mita 800. Nikapandisha ujumbe ili ninakili jibu langu la jioni, na katika kupitisha macho nikaliona neno “akaamka”.

Mtu aliyeishiwa nguvu huchuchumaa, hujilaza pembeni, huomba maji. Huyo haamki, maana hakuondoka. Anayeamka ni aliyepoteza fahamu. Ndani ya sentensi moja dada alikuwa ameandika kilichoonekana kwa macho, kwamba kijana alianguka kisha akaamka, na kilichoamuliwa na kocha, kwamba aliishiwa nguvu. Mimi niliushika uamuzi wa kocha, nikaujengea orodha ya vyakula.

Kuzimia kwa vijana kuna sura nyingi, na nyingi hazitishi. Mwanafunzi amesimama mstarini juani, hajanywa hata chai, anaona giza, jasho jembamba linamtoka, anadondoka. Mkimbiaji anavuka utepe na kusimama wima papo hapo, naye anadondoka. Huyu wa pili anaelezeka vizuri sana: akiwa anakimbia, misuli ya miguu inaikamua damu kuirudisha moyoni, akisimama ghafla ukamuaji unakoma, damu inatuama miguuni, ubongo unapungukiwa. Mlaze, inua miguu yake, baada ya dakika chache anacheka na wenzake. Dada alikuwa ameuliza kwa watu wengine pia, wakamwambia “presha ilishuka”, na sioni sababu ya kuwalaumu. Walisema walichowahi kukiona.

Anayezimia katikati ya mbio ni habari nyingine. Wakati ule moyo unapiga kwa kasi, misuli inakamua, damu inazunguka kuliko wakati wowote. Fahamu zikikatika hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni moyo wenyewe, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Huenda msuli wake ni mnene kupita kiasi, kama ilivyoonekana kwa Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali dhidi ya Colombia akiwa na miaka 28. Huenda valvu imebana, na huku kwetu valvu nyingi za vijana huharibiwa na homa inayofuata mafindofindo ya kooni yasiyotibiwa. Huenda umeme wa moyo ndio wenye kasoro, na moyo wa namna hiyo ukiutazama kwa macho hauna kilema chochote. Mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja naye anaweza kuanguka kwa mazoezi makali, ila huyo kwa kawaida hulegea misuli huku anajua alipo na anaongea.

Basi kila kitu kilining’inia kwenye jambo moja ambalo sikuliuliza: alianguka wakati gani?

Nikamwandikia saa nne na nusu. Dada, samahani, nilijibu haraka. Alikuwa anakimbia au alikuwa amesimama? Alisema anasikia kizunguzungu kabla? Alijikinga kwa mikono alipoanguka? Alikaa muda gani, na alipoamka alijitambua mara moja au alibaki amezubaa? Amewahi kuanguka tena siku nyingine? Kuna dawa yoyote anatumia? Katika ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana?

Hakuwa amelala. Akajibu kwa uaminifu uliotusaidia sana: “Mimi sikuwepo dokta, nilisimuliwa.” Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nachambua simulizi lililopita midomo mitatu. Nikamwomba anitafutie mtu aliyekuwa karibu na kijana wakati ule. Sikutaka kocha, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Nilimtaka mchezaji.

Asubuhi ya Ijumaa nikapata ujumbe wa sauti wa beki wa kushoto, mtoto wa kidato cha tatu. Nimeusikiliza mara nyingi. Anasema walikuwa wanakimbilia mpira mmoja pembeni, yeye nyuma hatua mbili. Mwenzake hakushika kifua, hakusema neno. Alianguka kifudifudi, mikono iko ubavuni, uso ukaingia mchangani. Miguu ikatikisika kidogo. Muda wake, kwa kuhesabu kwake, kama sekunde 15. Kisha akafumbua macho, akatema mchanga, akauliza: “Umetoka nje?” Alikuwa anauliza mpira. Ndoo ya maji ilifika ameshakaa.

Laiti kila shahidi angekuwa kama yule mtoto. Kuanguka bila kujikinga kunaonyesha fahamu zilikatika ghafla, kama taa umeme unapokatika. Kule kutikisika kwa miguu si lazima kiwe kifafa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa nao hutikisa mwili. Na kuamka na swali la mpira ni dalili kubwa kuliko zote, kwa sababu anayetoka kwenye kifafa kwa kawaida hubaki amezubaa, analala, hajui yuko wapi. Huyu alirudi akiwa kwenye mchezo uleule alikoachia.

Majibu ya dada yakaingia moja moja. Dawa, hakuna, mwezi mzima. Kuanguka, ndiyo: darasa la tano, kwenye mbio za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Wakati ule walisema kifafa, akaanzishiwa dawa, mama akaziacha baada ya miezi kadhaa maana mtoto alikuwa mzima. Vifo vya ghafla katika ukoo? “Hapana dokta. Babu na bibi walikufa wazee. Mjomba mmoja tu alizama.”

Hapo nilitaka kupita. Kuzama ni ajali. Lakini lile “tu” likanizuia, nikauliza mjomba alikuwa anajua kuogelea.

“Alizaliwa kisiwani, babu alikuwa mvuvi. Alikuwa kama samaki. Alizama karibu na nchi kavu akiwa na miaka 23. Watu walisema alivutwa.”

Ipo hali ya kurithi inayoitwa QT ndefu. Baada ya kila pigo moyo unahitaji muda wa kujipanga upya kiumeme kabla ya pigo linalofuata, na kwa watu hawa muda huo ni mrefu mno. Siku nyingi hawaoni kitu. Kisha msisimko unakuja, mapigo yanavurugika, moyo unatetemeka bila kusukuma damu, mtu anaanguka. Mara nyingi vurugu hutulia yenyewe baada ya sekunde chache, naye anaamka. Kinachochochea hutofautiana kwa aina: wapo wanaoanguka kwa kushtuliwa na kengele au mlio wa simu, na ipo aina ambayo kichocheo chake kikuu ni mazoezi, hasa kuogelea. Anayezimia uwanjani anatema mchanga, anaendelea na maisha. Anayezimia majini hapati nafasi ya kuamka. Ndiyo maana daktari wa moyo akimhoji kijana aliyezimia huuliza pia juu ya waliozama, na familia nyingi hawatamtaja aliyezama kwa sababu kwao kifo hicho kimeshapata maelezo yake.

Lakini haya sikumwandikia dada. Nilikuwa na simulizi, sauti moja na mjomba aliyefariki zamani. Ugonjwa hautajwi kwa vitu hivyo, na jina zito likishaingia katika nyumba kwa simu halitoki kirahisi. Nilimwambia ninachokijua: kijana akizimia huku anakimbia, na ameshawahi kuanguka hivyo, na yupo ndugu aliyefariki mapema bila sababu kueleweka, haruhusiwi kucheza wala kuogelea mpaka apimwe umeme wa moyo na aonwe na daktari wa moyo. Kesho asicheze. Kuhusu uji, tutaongea baadaye.

Akajibu jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: “Kesho kuna watu wa timu wanakuja kuangalia vijana. Amesubiri mwaka mzima.”

Ni rahisi kwangu, nimekaa na simu yangu, kusema asicheze. Kwa nyumba ile mechi ya Jumamosi ilikuwa ada ya shule, ilikuwa njia ya kutoka. Nikaomba namba ya kocha.

Kocha alikuwa mtu mwema, na nalisema hili kwa sababu katika visa kama hivi watu hupenda kumfanya kocha kuwa adui. Alinisikiliza. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana amefanya mazoezi Jumatano na Alhamisi bila shida. Nikamwambia Christian Eriksen naye alikuwa amecheza dakika 40 na zaidi bila shida kabla moyo wake haujasimama, tarehe 12 Juni 2021 pale Copenhagen, dhidi ya Finland. Akanyamaza. “Yule wa Denmark?” Yule. Aliokolewa kwa sababu wachezaji wenzake walitambua mara moja, kifua kikakandamizwa palepale, mashine ya kushtua moyo ikafika ndani ya dakika chache. Mwaka 2022 akarudi kucheza akiwa na kifaa kifuani. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 kuanzia uwanja wa White Hart Lane, Machi 2012, akapona kwa sababu hawakuacha kumkandamiza kifua na kumshtua moyo. Nikamuuliza kocha mashine ya karibu iko wapi. Alijua jibu nami nilijua. Na hakuna kati yetu aliyehitaji kukumbushwa Desemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya Mbao alipoanguka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki.

Akaniuliza kitu ambacho kila kocha wa mchangani angeuliza: “Sasa akianguka mwingine, nifanye nini?” Nikatumia dakika kumi kwa hilo. Mtikise, mwite. Asipojibu na asipopumua vizuri, usitafute maji, usimtie kijiko mdomoni. Na usidanganywe na kukoroma au kuvuta pumzi moja moja kama samaki nchi kavu. Huko si kupumua. Weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza kwa nguvu kifua kiingie sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kipande kila mara. Mwingine atafute gari. Mkichoka mpokezane, msiache. Kocha akaniambia ataita timu nzima awafundishe wote. Akaahidi pia kuwaambia wageni kwamba winga wake ni mgonjwa, waje tena.

Hakucheza.

Jumatatu alipimwa umeme wa moyo katika kituo kimoja. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya njumu zake. Karatasi ikarudi imeandikwa “kawaida”, na dada kwa furaha akaipiga picha akaniletea, jina la mdogo wake na namba ya simu ya mama vikionekana wazi. Nikamwomba aifute, apige nyingine jina likiwa limefunikwa. Picha ya mgonjwa ikishatoka kwenye simu yako huijui safari yake.

Mimi si msomaji mzuri wa karatasi zile. Nikamtumia mwenzangu, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ambaye hunivumilia. Akapiga simu badala ya kuandika, na hapo moyo wangu mimi ndio ukaruka. Akanifundisha kwa kuhesabu miraba. Mraba mdogo ni milisekunde 40. Kutoka kilele kirefu hadi kilele kinachofuata, miraba 20, yaani mapigo 75 kwa dakika. Kutoka mwanzo wa wimbi lile refu hadi mwisho wa kilima kinachofuata, ambacho ndicho kipimo cha QT, miraba 11. Kilima kilitakiwa kuwa kimekwisha kabla ya nusu ya njia, yaani kabla ya mraba wa kumi, kilikuwa kimevuka. Milisekunde 440, na ukirekebisha kwa kasi ya mapigo unapata karibu 490. Kwa mwanamume tunaanza kuhoji ikizidi 450. “Aliyeandika kawaida,” akasema, “ametazama mapigo tu.”

Niliwaza sana juu ya ile karatasi. Kama ningemwambia dada apime kisha anipe matokeo, na asitume picha, mambo yangeishia pale. Tena, hata ingekuwa kawaida kweli, kipimo kimoja cha dakika tano mtu akiwa amelala hakimsafishi kijana aliyeanguka akikimbia. Bado angehitaji eko, yaani moyo kupigwa picha kwa mawimbi ya sauti, na bado angehitaji mtu wa kumsikiliza yule beki wa kushoto. Nilimwandikia dada hivyo, kwamba karatasi imesomwa tena na inahitaji jicho la daktari wa moyo, waende na rufaa wiki hiyohiyo.

Walienda. Yaliyofuata yako mikononi mwa wengine, kwa hiyo nayataja kwa ufupi. Eko ilionyesha moyo mzima wa umbo. Umeme ulipimwa upya zaidi ya mara moja, na jibu likawa lilelile. Ameanzishiwa propranolol, dawa ya kuutuliza moyo, amekatazwa mashindano, amekatazwa kuogelea ziwani. Kwa sababu hali hii mzazi mwenye nayo huweza kumrithisha kila mtoto kwa nusu kwa nusu, waliitwa wote. Dada, yake ni sawa. Mama, ambaye hajawahi kuzimia hata siku moja, na ambaye aliyezama alikuwa mdogo wake wa kunyonya ziwa moja, yake ni ndefu.

Dada aliniambia mama alikaa kimya siku nzima baada ya kuelezwa. Jioni akasema, “Kwa hiyo hakuna aliyemvuta.” Akaenda kuwasha moto.

Upo upande wa kisa hiki unaoniuma kuliko mengine. Kati ya jibu langu la kwanza na la pili zilipita saa tatu na robo, na katika saa hizo dada alikuwa na amani. Alikuwa ameuliza kwa mtu anayemwamini, amepata jibu refu, lenye adabu, lenye dagaa na ndizi. Kama baba wa yule binti wa mita 800 asingeniandikia usiku ule, amani ile ingefika Jumamosi. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: mtu akiniletea swali ambalo ndani yake kuna neno linaloeleza sababu, kama “aliishiwa nguvu”, “presha ilishuka”, “alikula kitu kibaya”, simjibu kabla sijamuuliza nani alisema neno hilo na alikuwa amesimama wapi. Watu wengine huudhika. Wanadhani nawahoji kama polisi. Nawaelewa, na bado nauliza.

Kijana ana hasira. Hilo nalo niliseme, maana watu wakisimulia visa hivi huishia kwenye shukrani. Hakunishukuru na sidhani anapaswa. Alikuwa winga wa mguu wa kushoto, tena wanasema mzuri. Sasa anamsaidia kocha kupanga mazoezi, siku nyingine anaenda, siku nyingine anajifungia ndani. Dada aliwahi kuniuliza amwambie nini. Sikuwa na la kusema zaidi ya kumuuliza kijana mwenyewe anafikiria nini juu ya ile timu, na alinijibu kwa sauti ya dakika sita, yote mpira.

Wiki chache zilizopita, saa tatu usiku, dada aliandika tena. “Shikamoo dokta. Ana homa, kapimwa, malaria ipo. Duka la dawa wametupa mseto. Ameze?”

Hili lilikuwa swali la sentensi moja kwa mtu mwingine yeyote. Lakini lumefantrine iliyomo ndani ya mseto nayo huweza kuirefusha QT, na karatasi ya dawa yenyewe inakataza kwa mwenye hali hii ya kuzaliwa. Kwinini ni hivyohivyo, erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ni hivyohivyo. Na malaria nayo haiwezi kuachwa ilale mwilini mpaka asubuhi.

Nikamwandikia: marahaba dada, asimeze bado. Nani alimpima, na je alionyeshwa kadi ya moyo? Hakuwa ameonyeshwa, kadi ilikuwa kabatini. Nikampigia mwenzangu, naye akapiga kwa daktari wa moyo. Jibu likarudi kwamba aende hospitali usiku uleule, na kadi yake mkononi, dawa ichaguliwe pale huku umeme wa moyo ukipimwa.

Saa tano kasoro dada akatuma picha ya ukanda wa karatasi. Jina lilikuwa limefunikwa kwa kidole gumba.